Mikuyu ya Ukingoni

Utomvu wa mkuyu ukinigusa mkono, hata leo, nageuka kutazama nyuma.

Baba alikuwa amefyeka mikuyu ya ukingo wa kijito chetu ili kahawa yake ifike hadi majini. Kijito kilipokauka, aliteremka kwenye mashamba ya mkonge kutafuta kazi, na hatukupata habari zake tena. Basi mchana mmoja bibi, mama na mimi tukaenda kuirudisha mikuyu. Bibi alikata matawi, yakachuruzika utomvu mweupe.

"Tunapanda kimya," alituonya. "Maji yakitusikia hayatarudi."

Tulichimba bila neno. Hata ndege hawakulia. Ndipo nikamsikia baba akiniita kwa jina, karibu kabisa, kutoka upande wa juu.

"Abee, baba!"

Bibi akaniziba mdomo kwa kiganja chenye tope. Nilingoja kofi. Lakini mama, ambaye hakuwa amesikia kitu, alininong'oneza, "Upande gani?"

Nilionyesha. Bibi akachukua tawi lililokuwa mkononi mwangu, akaenda kulipanda pale pale.

Maji yalirudi baada ya masika mawili, yakitokea chini ya mkuyu ule. Mama hakuchota kwingine tena, na kila alipofika alipiga hodi.