Sentensi Moja Kuhusu Mkaratusi wa Baba Odeta

Siku ya kwanza ya kazi nilifika na kalamu tatu. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, kijiji kikanichagua kuwa katibu wa baraza la usuluhishi, nami nikadhani nakwenda kuwanyoosha watu. Mwenyekiti wa baraza akaniambia, "Msalimie kila mtu shikamoo, hata anayeshtakiwa. Halafu kaa usikilize."

Nimeacha kazi ile baada ya miaka miwili. Najua kijana kama mimi hana cha kujisifia, lakini atakayeshika daftari baada yangu asome hii.

Kesi nyingi zilikuwa za miti. Mizizi ya mkaratusi inaingia kwenye kibanja cha jirani, migomba inadumaa, au tawi linaangukia bati. Tulikuwa tunakwenda palepale, tunatembea kwenye miramura, ile mimea inayoonyesha mpaka, kuona mti umesimama upande gani. Kisha Mwenyekiti anawakalisha mpaka wapatane. Jambo la nusu saa linakula siku nzima! Nilichoka.

Alikuwa na sharti moja. Muhtasari, yaani maandishi ya kikao, useme habari za mti tu. Ardhi mtu aliipataje, hilo tusiandike. Sikuuliza kwa nini.

Mzee Laurenti alimshtaki jirani yake, Baba Odeta, mtu wa asili ya Burundi. Tawi la mkaratusi lilikuwa limebomoa jiko la Mzee.

"Mti wako unakunywa maji kuliko ng'ombe," Mzee akasema.

"Na wewe migomba hupalilii, unasingizia mti."

"Ningejua, nisingekupa hapa mahali!"

Watu wakacheka, hata wao wenyewe. Jioni walikuwa wamepatana: Baba Odeta aukate mti, amjengee Mzee jiko. Wakanywa rubisi, pombe ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja.

Mimi nikaandika: "Mti upo katika eneo ambalo mlalamikaji alimpa mlalamikiwa akae." Mwenyekiti akanisikia nikisoma.

"Hiyo sentensi itoe, mwanangu. Andika upya."

"Sawa, Mwenyekiti."

Sikuandika upya. Ukurasa mzima kwa sentensi moja? Kesho yake nikawapelekea ukurasa uleule. Mwenyekiti akasaini kwa kuniamini, Baba Odeta akaweka dole gumba.

Mzee Laurenti akafariki. Wanawe wakarudi kutoka mjini, wakaomba nakala, wakaenda nayo baraza la ardhi la wilaya kudai kibanja cha baba yao. Baba Odeta akasema alipewa moja kwa moja, kiwe chake, tena mbele ya watu. Kati ya watu wale alikuwa amebaki hai Mwenyekiti peke yake, akaenda kumtolea ushahidi.

"Hapa imeandikwa alipewa akae, si kiwe chake. Sahihi hii ni yako?" wakamwuliza.

"Ni yangu."

Hakunitaja. Kibanja kikachukuliwa, migomba, kahawa na nyumba.

Nilikwenda kwa Baba Odeta nikamwambia kila kitu. Akasema amepata mtu wa kumhifadhi huko kijiji cha Kimuli, anahitaji barua ya kumtambulisha.

"Niandikie wewe. Una mwandiko mzuri."

Nikaandika jina lake, la mkewe, na majina ya watoto wanne. Nikafika pa kuandika kwao ni wapi. Nikamwangalia.

"Hapo," akasema, "acha wazi."