Spana Iliyotengenezwa Ivunjike

Tangu shuleni walimwita Koleo, na yeye hakuwahi kulikataa jina. Mkono ule, jamani! Kifuniko cha chupa kikigomea nyumba nzima, anaitwa Koleo. Bomba likivuja kwa jirani, anaitwa Koleo, na kweli halivuji tena, ila siku mtu akitaka kulifungua itabidi alete msumeno. Mama yake alikuwa akisimulia kwamba mtoto huyu alipozaliwa alishika kidole cha mkunga, mkunga akapiga yowe. Labda mama alitia chumvi, lakini si nyingi.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza miguu ya bandia. Karakana yao ilikuwa nyuma ya hospitali, chumba kirefu chenye meza nne, jiliwa mbili za kubania vyuma, tanuri la kulainishia plastiki, na miguu imetundikwa ukutani, ya kulia upande huu na ya kushoto upande ule. Mgeni akiingia mara ya kwanza husita mlangoni. Koleo alikuwa na miaka kumi na miwili humo, na kila mguu aliujua kwa mwenyewe: huu wa mwalimu, huu wa yule dereva mcheshi, huu wa bibi anayedai mguu wake mpya unakoroma.

Baba yake alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapa magazeti kwa miaka thelathini. Alipostaafu, kisukari kikamchukua mguu wa kushoto chini ya goti. Nani amtengenezee mwingine? Koleo hakumwachia mtu hata kushika msasa. Aliuchonga, akaulainisha, akaupima mara sita, na siku mzee aliposimama nao, mama alilia mpaka chai ikapoa.

Sasa mguu wa namna hiyo, kwa asiyeujua, ni kikombe cha kuingizia kigutu, bomba la chuma, na wayo. Bomba na wayo vinashikwa na kola ya plastiki inayobanwa kwa bolti moja. Wiki za mwanzo ile bolti hulegea, lazima ikazwe tena. Ukiikaza kidogo, wayo unazunguka na mtu anatembea kidole kikitazama jirani. Ukiikaza mno, kola inapata ufa mwembamba usioonekana, nao unakaa kimya ukingoja siku yake.

Jumamosi moja asubuhi baba akasema, "Mama, mguu umeanza kucheza." Ndivyo alivyomwita binti yake tangu utotoni, mama. Koleo akapiga magoti, akakaza, ikashika vizuri. Kisha akaongeza moja ya heri.

Hapo ndipo palipoharibika. Moja ya heri ni ule mzungusho wa mwisho ambao kila fundi unayemjua huuongeza baada ya kazi kwisha, roho yake itulie. Bolti imeshika, wewe mwenyewe unajua imeshika, lakini mkono unataka neno la mwisho. Kwa mkono wa mtu mwingine huenda isidhuru. Kwa mkono wa Koleo, lo!

Siku ya tatu mzee alikuwa akishuka ngazi tatu za kibarazani kuelekea uani, kikombe mkononi. Kola ikapasuka. Alianguka kifudifudi, mtulinga, ule mfupa wa begani, ukavunjika na kidevu kikachanika. Koleo alipoukagua ule mguu aliona ufa ulipoanzia, pale pale penye bolti, na hakuhitaji kuambiwa na mtu.

Mfupa uliunga baada ya miezi miwili. Mguu ukabaki nyuma ya mlango. Mzee akahamia kiti cha dirishani, akawa anatazama uani kama mtu anayetazama nchi ya kigeni. Karakana walimwekea kola mpya, hakuuliza hata nani ameiweka. Ukimwambia avae, anajibu, "Acha ukae." Mtaalamu wa mazoezi alikuja akalikunja goti lake, akalikunjua, akatikisa kichwa. "Mzee, miezi mitatu mingine hivi, goti litakakamaa. Likishakakamaa, hata malaika hakuvishi mguu huu."

Na kilichomchoma Koleo zaidi ni kwamba baba hakukasirika. Angemgombeza, angemtupia fimbo, afadhali. Lakini Koleo akisogea kukipaka kigutu mafuta, mzee anakivuta polepole. "Mwachie mama yako." Siku moja akamwambia kwa upole kabisa, "Mkono wako mzito, mama. Si kosa lako." Koleo alienda chooni akafungua bomba la maji ili asisikike akilia.

Alipomaliza kulia, akajifunga kibwebwe. Kama mkono ni mzito, basi itengenezwe spana isiyousikiliza mkono.

Alianza kwa kuharibu. Alikusanya kola thelathini zilizokwisha kazi, akazibana kwenye jiliwa moja moja. Kwenye bolti aliweka spana yenye fimbo ya urefu wa futi moja, kwenye ncha ya fimbo akatundika chupa tupu, akawa anamimina maji kikombe kwa kikombe. Chupa ikiwa na maji lita moja na nusu, bolti imeshika barabara. Lita tatu, kola inaanza kulia. Ilibidi basi apate kitu kitakachofikisha lita moja na nusu na kisivuke mbili, hata kama anayekishika ni Koleo mwenyewe.

Spana ya kwanza ilikuwa ya kuteleza. Ndani ya mpini aliweka springi na gololi, ukifika kiasi inalia "ta!" na kuteleza. Ilimtoa jasho majuma matatu, na ilikuwa nzuri, wallahi, mtu unaweza kuiweka kabatini uitazame. Akampelekea mkuu wa karakana, mzee mmoja mkavu ambaye ukimwambia jua limechomoza atakujibu, "Nionyeshe."

"Nionyeshe," akasema.

Koleo akawapa mafundi wenzake wanne, kila mmoja na mguu wake wa bandia wa kukaza. Wa kwanza akakaza. Ta! Akazungusha tena. Ta! Tena. Ta! Wa pili hivyo hivyo, na wa tatu. Wa nne alikaza mpaka ikalia, akaitazama kwa dharau, akaiweka chini, akachukua spana yake ya kawaida mfukoni na kuongeza kidogo.

"Wewe!" Koleo akafoka. "Imekwambia basi, unaongeza nini?"

"Aa, dada, moja ya heri tu."

Damu ilimchemka. Akamnyang'anya ule mguu ili awaonyeshe jinsi ya kufanya. Akakaza. Ta! Na mbele ya macho ya wote, kiganja chake mwenyewe kikazungusha tena. Karakana nzima ikaangua kicheko. Koleo hakucheka, alikuwa anautazama mkono wake kama mbwa wa nyumbani aliyemng'ata mgeni.

Alipofika nyumbani alitupa mkoba na kumwambia mama, "Watu hawasikii. Unaweza kuwapigia hata tarumbeta, hawasikii."

"Nawe ukiwamo," akajibu mama huku akichambua mchele.

"Nami nikiwamo."

"Sasa mtoto asiyesikia unamfanyaje? Si unamnyang'anya."

Mama alisema tu, akaendelea na mchele wake. Lakini Koleo alibaki amesimama mlangoni na kiatu kimoja mguuni.

Kesho yake akamwendea mkuu. Alitaka spana ya plastiki, ndogo, ya kutumia mara moja na kutupa. Mbele ina ncha ya chuma ya pembe sita inayoingia kwenye bolti, nyuma ina mabawa mawili ya kushika kwa vidole, na katikati shingo nyembamba. Bolti ikishakazwa inavyotakiwa, shingo inakatika, basi. Ncha iliyobaki unaichomoa kwa kucha. Huna tena cha kukazia.

Mkuu alivua miwani. "Yaani unataka kutengeneza kitu kibovu kwa makusudi?"

"Kibovu kwa wakati wake, mkuu. Kabla ya hapo ni kizima."

"Na mtu mwenye spana nyingine mfukoni?"

"Bolti za kola nitazibadilisha ukubwa. Za madukani hazitaingia."

Mkuu akavaa miwani. "Nionyeshe," akasema, lakini safari hii alisogeza kiti.

Kalibu ya kumiminia plastiki aliichonga mwenyewe kwa tupa. Spana za mwanzo zilikuwa za nailoni, na siku alipozimimina zilikatika pale pale alipotaka, akarudi nyumbani anapiga mluzi. Baada ya majuma mawili akazijaribu zilizobaki. Hazikatiki! Shingo inajinyonga kama nguo inayokamuliwa, inazunguka na kuzunguka, wala huwezi kujua imefika au haijafika. Nailoni, kumbe, hunywa unyevu wa hewa taratibu, ikishashiba inakuwa laini na king'ang'anizi. Mluzi uliisha. Akaanza upya kwa plastiki ile ngumu ya vikasha vya kaseti, isiyokunywa maji, na kalibu nyingine. Alipozipata, akaziloweka kwenye beseni jikoni majuma mawili kamili, asije akafedheheka mara ya pili.

"Umeloweka nini humu?" mama akauliza.

"Spana."

"Zikilainika utuambie, tuweke nazi."

Mzee alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani. Koleo alimwona akilitazama lile beseni, kisha akageuza uso. Mwezi wa kwanza wa ile miezi mitatu ulikuwa umepita, na wa pili ulikuwa ukingoni.

Alivunja spana hamsini. Zote zilikatika kati ya lita moja na nusu na lita mbili, hakuna iliyopungua wala iliyozidi. Akawapa wale mafundi wanne. Wakakaza. Kak! Kila mmoja akabaki na mabawa ya plastiki mkononi, anazungusha hewa. Yule wa nne alipapasa mfuko, akatoa spana yake, akaijaribisha, haikuingia. "Mmh," akasema, akairudisha. Mkuu wa karakana aliokota kipande kilichovunjika, akakiangalia kwa nuru ya dirisha, na kwa mara ya kwanza katika miaka kumi na miwili hakusema nionyeshe. Alisema, "Mpelekee mzee."

Jumapili mchana Koleo alitoa mguu nyuma ya mlango, akaupangusa vumbi, akauweka mbele ya kiti. Kola mpya, bolti mpya. Akaweka spana moja kwenye kiganja cha baba yake na kurudi nyuma hatua mbili, mikono mgongoni.

"Hii utakaza mwenyewe, baba. Mimi sigusi. Ikifika, itavunjika. Usishtuke."

Mzee aliigeuza geuza. Fundi ni fundi, mashine hata iwe ya ukubwa wa kidole ataichungulia. Akaona shingo, akaona mabawa, akaitikia kwa kichwa kidogo kidogo. Akavaa soksi ya kigutu, akavaa kikombe, goti likagoma, akalishika kwa mikono miwili akalikunjua huku ameuma meno. Likakunjuka. Mama alikuwa amesimama mlangoni na mwiko.

Akaiingiza ncha kwenye bolti. Lakini bega lile la mtulinga lilikuwa halijarudi sawasawa, na mkono haukufika vizuri. Ncha ikatoka. Akaiingiza tena, ikatoka. Akainua macho.

"Njoo," akasema.

"Baba, unaweza mwenyewe, pumzika kwanza, halafu..."

"Nimesema njoo, mama. Kaza wewe."

Koleo alipiga magoti palepale alipopiga magoti siku ile. Akashika mabawa kwa vidole viwili, akazungusha. Bolti ikaingia, ikaingia, ikaanza kushika. Ikashika.

"Imeshika?" baba akauliza.

"Imeshika."

"Haya, ongeza moja ya heri."

Alilisema bila kufikiri, kama alivyolisema miaka thelathini iliyopita kwenye ua ule ule wa nje ya dirisha, alipokuwa akimwelekeza binti wa miaka saba kufunga gurudumu la baiskeli. Na mkono wa Koleo ukatii bila kufikiri vilevile. Kak! Mabawa yakabaki vidoleni mwake, na kiganja kikazunguka nusu duara hewani, hakina cha kukaza.

Wote wawili waliutazama ule mkono. Kisha mzee akaanza kucheka, kicheko cha tumboni ambacho nyumba haikuwa imekisikia tangu alipoanguka, akacheka mpaka akajishika bega kwa maumivu. Kilipoisha, macho yalikuwa yamelowa.

"Mimi ndiye niliyekufundisha," akasema. "Miezi yote hii nimekaa hapa nasema mkono wako mzito. Ile ya heri nilikupa mimi, mama. Nisamehe."

Koleo akaegemeza paji la uso kwenye goti la baba yake, lile la kushoto, na safari hii baba hakulivuta.

"Basi, basi," mzee akasema, akimpapasa kichwani. "Inuka unipe fimbo. Nataka kuziona zile ngazi."