Chai ya Aliyechelewa

Watu wakisikia kwamba nimekulia Singida na kwamba baba yangu alikuwa mshindani wa mashua za tanga, kwanza hucheka. Singida ni alizeti, vitunguu na kuku. Bahari iko mbali sana nasi, na wengi wa majirani zetu walikufa bila kuiona. Lakini upepo tunao, tena wa kutosha kung'oa bati, na ziwa lipo. Singidani limelala kando ya mji kama mzigo uliosahauliwa na mtu aliyehama: maji ya chumvi, kingo nyeupe za magadi, heroe waliosimama kwa mguu mmoja, na majabali makubwa yaliyokaa majini kana kwamba yamekuja kunywa.

Mashua zilikuwa sita, zote za mninga wa misitu ya Itigi. Ziliundwa kabla sijazaliwa, kwenye karakana ya shirika la umma alikofanya kazi baba, kwa mchoro ulioachwa na mhandisi mgeni aliyetoka nchi ya visiwa. Baba alisema mhandisi huyo alikuwa akikaa wiki nzima bila kushika kamba ya tanga, anakonda. Zote sita ziliundwa juu ya kalibu moja, fremu za mbao zinazoipa mashua umbo. Ungeweza kung'oa ubao wa mashua ya kwanza ukaupachika kwenye ya sita bila kuupiga randa. Milingoti ilikuwa ya urefu mmoja, matanga ya turubai yalikatwa kwa kipimo kimoja, na chini ya kila mashua, mahali ambapo jicho halifiki, palifungwa chuma cha uzito uleule. Watu wa pwani sehemu hiyo ya chini huiita mkuku. Sisi tuliiita mguu. Upepo ukiisukuma mashua ilale, mguu ndio unaoikatalia.

Jumamosi mchana wafanyakazi walishuka ziwani. Vizibo vya soda vilivyochorwa namba viliwekwa ndani ya kofia, na kila mshindani aliingiza mkono bila kutazama. Namba uliyookota ndiyo mashua yako kwa siku hiyo. Hakuna aliyesema mashua yangu. Meneja aliokota kama mpishi alivyookota, na mara nyingi mpishi alimwacha nyuma, na meneja hakuwa na cha kusingizia. Nadhani utamu wote ulikuwa hapo. Ukishindwa, umeshindwa wewe: hukuuona upepo ulipoanza kukunja ngozi ya maji, ulichelewa kuvuta kamba, au uliogopa. Mashua haikuwa na kosa, kwa sababu ilikuwa sawa na ile iliyokupita.

Walianzia kwenye jabali lililo karibu na nchi kavu, wakalizunguka dumu la manjano lililofungiwa jiwe katikati ya ziwa, wakarudi. Ufukweni wanawake waliinjika sufuria ya chai ya maziwa. Sheria ilikuwa kwamba anayefika wa kwanza ndiye anayemmiminia chai aliyefika wa mwisho, na lazima ammiminie huku akimtazama usoni.

Baba na mjomba wangu ndio waliofukuzana kuliko wote. Mjomba alikuwa kaka yake mama, karani wa stoo, mtu mwembamba mwenye kicheko kinachotangulia maneno. Kwa kuwa walikuwa mashemeji, utani ulikuwa haki yao. Kila mjomba alipompita baba, aliegemea nje ya mashua yake, akauliza kwa upole wa mhudumu wa hoteli, "Shemeji, chai nikumiminie sasa, au unapenda ya baridi?" Baba alipompita yeye, aliuliza hivyohivyo. Sisi watoto tulipakiwa kuwa uzito, mmoja kila mashua, tukikaa upande unakotoka upepo. Mimi nilimng'ang'ania mjomba, kwa sababu alinieleza kila alichokuwa akifanya. Aliniambia kamba ya tanga haivutwi kwa hasira. Inavutwa kama unavyomvuta mtoto aliyelala, ili asiamke.

Kisha zikaja enzi za ruksa. Madukani kulijaa vitu ambavyo tulikuwa tumevisahau, sabuni ilirudi, mitumba ikamwagika sokoni, na watu wazima walitembea haraka zaidi. Lakini shirika halikuweza kutembea haraka. Likapungua, likafunga karakana, mwishowe likavunjwa, na mali yake ikagawanywa. Mashua hazikuwa na mnunuzi. Washindani sita wa siku nyingi wakaambiwa wazichukue.

Wakaamua kuzigawana kwa njia waliyoizoea. Vizibo viliingia kwenye kofia kwa mara ya mwisho, na safari hii mtu hakuokota mashua ya siku moja. Nakumbuka furaha ya mchana ule. Watu wazima walikimbia kila mmoja kwenye mashua yake, wakazipapasa mbavu kama wanaokagua ng'ombe wa mahari. Mjomba alipiga kelele ile ya tatu ni yake. Baba aliokota ya tano, akatabasamu, akakiweka kizibo mfukoni. Hakuna hata mmoja aliyejua kwamba walikuwa wamemaliza mashindano.

Mwanzoni lilikuwa jambo dogo tu. Mmoja alirefusha mlingoti wake kwa dhiraa. Mwingine alichonga mbao za mbavuni ziwe nyembamba. Mtu na mali yake, nani angemzuia? Mjomba alikuwa amefungua duka la mitumba na biashara ilimkubali. Alileta kutoka Dar es Salaam kitambaa cha nailoni, akashona tanga jepesi linaloshika hata pumzi ya mbuzi. Halafu akakata nusu ya chuma cha mguu wake. Mashua ikawa nyepesi, ikapaa juu ya maji. Baba alikataa kugusa chochote kwenye ya kwake.

Ikawa kila Jumamosi mjomba anampita baba kabla hata ya dumu, na kila Jumamosi anauliza kuhusu chai. Baba aliacha kujibu. Siku moja ufukweni mjomba alimletea kikombe, akamtazama usoni kama sheria ilivyotaka, na baba hakukipokea.

"Wewe hujanishinda," baba alisema. "Imenishinda mashua."

"Mashua ni yangu."

"Ndiyo maana."

Nilimwona mjomba akikishikilia kile kikombe, hajui akipeleke wapi. Mwishowe alikimwaga kwenye mchanga, taratibu, akaondoka. Hawakugombana zaidi ya hapo. Ingekuwa afadhali wangegombana. Wengine wanne nao waliacha kuja, maana hakuna aliyeweza tena kusema nani ni hodari na nani ana mashua nzuri. Moja ilifunikwa bati ikawa banda la kuku. Nyingine ilisafirishwa Mtinko ikawa hori la kunyweshea ng'ombe. Mama alibaki katikati ya mume na kaka. Sikukuu alinituma kwa mjomba na kuku aliyepikwa, na mjomba alinirudisha na kanga, na salamu zilizotumwa zilikuwa za mama peke yake.

Miaka ikapita hivyo. Kisha mjomba akaanza kukohoa. Akakonda kutoka kwenye wembamba wake wa zamani, jambo ambalo sikudhani linawezekana, na duka likawa linafunguliwa siku moja na kufungwa tatu. Watu walishusha sauti walipomtaja. Hapo mtaani kulikuwa na wengi waliotajwa kwa sauti ya namna hiyo.

Asubuhi moja ya kiangazi tuliona mkokoteni wa ng'ombe ukiingia uani kwetu. Juu yake ilikuwa mashua ya tatu, na nyuma yake mjomba alikuja kwa miguu, ameshika fimbo. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia akiwa anatweta. Mama alimletea kigoda. Baba alitoka kwenye banda lake la useremala na randa mkononi, akasimama. Mjomba hakupoteza maneno.

"Irudishe ilivyokuwa," alisema. "Nimefika wa kwanza mara nyingi, na sijui kama nimewahi kukushinda. Nataka kujua."

Baba alizunguka ile mashua mara moja, akapitisha kiganja kwenye mninga. Kisha aliingia ndani, akapanda darini, na akashusha kalibu ile ya karakana. Alikuwa ameihifadhi miaka yote hiyo, imefungwa kwenye magunia, na mama mwenyewe hakuwa na habari.

Walifanya kazi hiyo kwa miezi, maana mjomba hakutaka ifanywe bila yeye kuwapo. Siku alizoweza kutembea alikuja, akalala juu ya magunia kwenye banda na kutoa amri. Tanga la nailoni lilitolewa, mama akashona la turubai kwa kipimo cha lile la baba. Kilichosumbua ni chuma. Kipande alichokikata mjomba kilikuwa kimekwishauzwa kwa wakusanyaji wa vyuma chakavu. Baba alifungua chuma cha mashua yake mwenyewe, akatundika boriti kwenye kenchi ya banda kama mizani ya mwuza vitunguu, akakining'iniza upande mmoja. Upande wa pili alining'iniza kile kilichobaki cha mjomba, akaanza kuongeza springi za lori na diski zilizochakaa za jembe la trekta, kimoja kimoja. Boriti ilikuwa inainama upande wa baba.

"Ongeza," mjomba alisema kutoka kwenye magunia.

"Usiniharakishe, shemeji."

Mama alikuwa anapeta mtama mlangoni. Mikono yake ilisimama. Hilo neno halikuwa limesikika nyumbani kwetu tangu siku ya kile kikombe. Kisha ungo ukaendelea. Baba aliongeza kipande cha mwisho, boriti ikayumba, ikatulia, ikalala sawa kama maji kwenye beseni, na mimi, baba na mjomba tulibaki tukiitazama.

Mashua zikawa tayari, lakini ziwa halikuwa tayari. Mvua za mwaka uliotangulia zilikuwa zimetudanganya. Singidani lilikuwa limejivuta hadi katikati, na pale tulipozoea kuanzia mashindano palikuwa na magadi meupe yaliyopasuka. Kwa maji yale miguu ya mashua ingekwama matopeni. Ikabidi kungoja mvua. Mjomba aliniuliza kila nilipompelekea uji kama mawingu yanakusanyika upande wa Manyoni, na mimi nilimwambia yanakusanyika, hata siku ambazo mbingu ilikuwa tupu.

Mvua ilikuja ikiwa imechelewa, ikaja kwa nguvu. Ziwa lilipanda. Kutoka kitandani mjomba hakuweza kuliona, kwa hiyo baba alikwenda kila jioni akachomeka fimbo majini, akarudi kumwonyesha alama ya matope ilipofika. Alama ilipanda juu ya fimbo, na mjomba akawa anahitaji watu wawili kumkalisha. Hakuna aliyesema walichokuwa wanakijua wote wawili. Walizungumza kuhusu upepo: kwamba mvua zikikatika utageuka, utakuwa safi, mzuri wa kushindania. Mvua zilikatika. Siku ya nne ya upepo ule mjomba alikufa, saa ya mchana, dirisha likiwa wazi kwa sababu aliomba lisifungwe.

Kwenye matanga, watani walifanya kazi yao. Mmoja alivaa koti la marehemu, akaiga alivyokuwa akisifia suruali ya mtumba mbele ya mteja. Waombolezaji walicheka huku wanalia, kama inavyotakiwa. Zamu ikamfikia baba. Alikuwa shemeji, na kila mtu alijua hakuna aliyekuwa na utani mwingi zaidi yake. Alisimama, akafungua mdomo. Tulingoja. Akaketi. Shangazi mmoja akanung'unika kwamba shemeji gani huyu asiyeweza hata kumsindikiza mwenzake kwa neno moja, na baba alikaa ameinamisha kichwa kana kwamba anakubaliana naye.

Matanga yalipokwisha, baba aliniamsha Jumamosi asubuhi akaniambia nivae nguo ya kulowa. Mkokoteni ulizishusha mashua zote mbili. Ufukweni alivua kofia yake, akatia humo vizibo viwili vilivyochubuka, cha tatu na cha tano, akanishikia. Niliingiza mkono. Nikaokota cha mjomba. Baba alikitazama kwa muda, kisha akavaa kofia.

Tuliondoka jabalini pamoja. Upepo ulikuwa ule waliouzungumza. Kwenda hadi dumu tulikwenda bega kwa bega, karibu kiasi cha kusikia maji yakisema maneno yaleyale chini ya mashua zote mbili. Niliuhisi mguu chini yangu, ule uzito niliouona ukilingana bandani, ukiishika mashua kila ilipotaka kulala. Baba alizunguka dumu kwa upana. Nadhani alikuwa anatazama pengine. Mimi nilikata karibu, nikavuta kamba bila kuiamsha, na tulipoelekea nchi kavu nikawa mbele yake kwa urefu wa mashua moja.

Sikujua la kufanya. Nikalegeza kamba ili anifikie.

"Usinisubiri," alisema. Hakuinua sauti, hatukuwa mbali. "Yeye hakuwahi kunisubiri."

Nikaivuta tena. Pengo likakua. Niligeuka, nikamwona ananitazama usoni, ameegemea mbele, anangoja kitu. Nikakielewa, na nikaogopa, kwa sababu mtoto hamtanii baba yake, wala hamwiti jina lile.

"Sema," alisema baba.

"Shemeji," nilisema, na sauti yangu ilikuwa nyembamba mno juu ya maji. "Chai nikumiminie sasa, au unapenda ya baridi?"

Aligeuza uso kuelekea kwenye majabali, mabega yake yakitikisika, na tanga lake likapigapiga ovyo bila mtu wa kulishika.

Nilipofika ufukweni nilimkuta mama. Hatukumwambia kwamba tunakuja. Alikuwa ameketi juu ya magadi na chupa ya chai na vikombe. Nilimimina kimoja, nikakishika kwa mikono miwili, nikangoja. Baba alikawia sana huko majini, na mama hakumwita. Alipofika, chai haikuwa na mvuke. Nilimpa huku nikimtazama usoni, kama sheria ilivyotaka.

Aliinywa yote, akanirudishia kikombe.

"Zinalingana," alisema.