Tawi Katikati ya Madawati

Kila akifika kwenye neno gumu, mwalimu wa kemia hugonga meza kwa pete yake, kisha hujifuta chaki kwenye sketi. Siku hiyo Aneth, aliyekwisha kuwaambia wenzake kwamba kemia haimwingii na kesho anahamia masomo ya sanaa, alimwona akisogeza madawati mpaka ikabaki njia nyembamba. "Hii ni zeolaiti," mwalimu alisema kwa sauti yake ya mikwaruzo, "fuwele yenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Nyie ni molekuli za mafuta. Shikaneni mikono mpite. Joto la Kilosa litawachangamsha." Mnyororo wa kwanza wa wanafunzi, mmoja nyuma ya mwingine, ulipenya kwa vicheko. Katika wa pili, Aneth aliwekwa ubavuni mwa mwenzake Yohana, akachomoza nje ya mstari, na wote wakakwama.

"Madamu, hatupiti!"

"Kwa nini?"

"Mimi ni tawi!" Aneth alipiga kelele, akashangaa kwamba ameelewa. "Walionyooka wanapita, sisi wenye matawi tunanasa!"

Pete iligonga dawati kama ngoma. Mwalimu akajitosa kuwanasua, naye akanasa nyonga. Darasa likalipuka.

"Nasikia kesho unatuhama," alimwambia Aneth, akihema na kucheka.

"Aka, Madamu! Nikihama, nani atakunasua?"