Mlingoti wa Atumani

Kule Cimpunda, mtaa wa kilimani, nyumba zimepandiana hata paa la huyu liko usawa wa mlango wa yule, na namba za nyumba hakuna anayezijua. Mtu aliyemtafuta Faida aliambiwa tu: "Angalia juu. Kwenye unaona mufuniko ya sufuria inang'aa, njo pale."

Mfuniko huo ulikuwa wa sufuria ya arusi yake. Atumani, mumewe, aliuomba mwezi wa tatu baada ya ndoa. Aliufunga kwa waya juu ya mlingoti wa mkaratusi, pamoja na vipande vya alumini alivyookota sokoni Kadutu, akasema antena bila mfuniko ni mtu bila masikio. Faida alinung'unika wiki nzima, maana wali wake ulibaki kufunikwa kwa sahani. Lakini jioni uso wa mtu ulipotokea katika ile televisheni yao ndogo, ukasema, hata ukakohoa, alinyamaza.

Siku hizo picha haikuja yenyewe. Iliitwa. Atumani alitoka nje akaukumbatia mlingoti, Faida akasimama dirishani, watoto wakakaa mkekani mbele ya kioo.

"Iko?" aliuliza Atumani.

"Bado!" walisema watoto, na Faida akapeleka neno nje: "Bado!"

"Na sasa?"

"Iko na mvua!"

"Na sasa?"

"Iko! Wacha! Usiguse tena!"

Jirani wa juu alicheka akiwa mlangoni kwake: "We Atumani, hiyo muti unaikumbatia kupita bibi yako!" Na jirani wa chini naye alianza kuzungusha wa kwake, hata mtaa mzima ukawa unaulizana, iko, bado, iko, kutoka juu ya kilima mpaka chini.

Faida alikuwa mwanamke wa wasiwasi. Miaka ile risasi zililia bila kupiga hodi, na yeye hakupata amani mpaka awe amehesabu vichwa. Televisheni ilimsaidia kuliko fimbo. Ikifika saa kumi na mbili, watoto wake wanne walikuwa mkekani, na wa majirani wanane au tisa juu yao. Mchezo wa kuigiza uwe mzuri au mbaya, kwake ilikuwa sawa. Yeye aliangalia visogo.

Jambo moja tu lilimuudhi. Picha ikishakuja, Atumani hakuingia ndani. Alibaki pale kwenye mlingoti mpaka chai ikapoa. Faida alidhani anavuta sigara, naye alikuwa ameapa mbele ya shehe kwamba ameacha. Asubuhi alikwenda kutafuta vipande vya sigara chini ya mlingoti. Hakuona hata kimoja.

"Unafanyaka nini kule inje?" alimuuliza.

Atumani alicheka tu. Kisha mwaka mmoja homa ikamlaza siku sita, ikamuua, na swali likabaki bila jibu.

Watoto wakakua. Usman akaenda kufanya biashara Kamanyola, wawili waliomfuata wakaoa na kuolewa, akabaki Maisara, kitinda mimba, na simu yake mkononi. Ndipo redio ikatangaza kwamba serikali inazima matangazo ya zamani, na kila mwenye televisheni atafute dekoda, kisanduku cha kupokea matangazo mapya. Siku ilipofika, vioo vyote vya televisheni Cimpunda vilijaa mchanga.

"Antena zimekufa," watu walisema, na hakuna aliyeuliza nani ameipima hiyo maiti. Milingoti ikashushwa. Mmoja ukawa wa kuanikia nguo, mwingine ukaziba tundu la uzio, alumini ikaenda kwa wafua sufuria. Wa Faida ulibaki peke yake, umeinama kidogo, na mfuniko wake juu.

Papa Alphonse, jirani wa chini, ndiye aliyeanza. Mvua ilikuwa imeangusha jiko lake.

"Maman Faida, ile muti inangoja nini? Unisaidie nayo, nisimamishe jiko. Tele ilishakufa."

"Mutu akikufa, banakata kitanda yake siku ile ile?"

"Kitanda hapana. Lakini bibi yangu iko napika na mwavuli, maman."

Maisara naye akasaidia upande wa jirani. "Maman, umuachie abebe. Batu banatucheka. Banasema tuko nangoja habari ya mbinguni."

Faida aliutazama mlingoti. Alphonse ndiye aliyeshika mbele ya jeneza la Atumani. Huwezi kumnyima mtu wa namna hiyo kipande cha mti. Lakini katika vyote vilivyopita mikononi mwa mumewe, ni huo tu uliobaki umesimama. Viatu alivitoa sadaka, redio yake ilikufa zamani, na televisheni ilijaa mchanga. Akaomba angojewe mpaka Jumamosi, siku ya posho. Siku zilizobaki alikuwa akifagia chini ya mlingoti, mahali ambapo hapakuwa na taka.

Siku ya posho, alasiri, Alphonse akapanda ngazi za kilima na panga mkono mmoja. Chini ya kwapa la pili alikuwa amebana kisanduku cheusi, na nyuma yake alifuata kijana mmoja, Chrispin, anayeuza dekoda.

"Maman Faida," alisema Alphonse, akiangalia miguu yake, "panga nimeibeba bure."

"Kuna nini tena?"

Chrispin akajibu kwa niaba yake. "Papa amenunua dekoda, maman. Namuuliza antena iko wapi, ananiambia ilishakufa. Nikamuambia dekoda haina masikio, inasikia na antena. Ile ile ya zamani."

"Na ya kwako iko wapi, Papa Alphonse?"

"Tulipikia maharagi."

"Yaliiva?"

"Hata hayakuiva muzuri."

Faida alicheka mpaka akashika ukuta. Hata Maisara aliweka simu chini.

Chrispin akaunganisha kisanduku na televisheni ndogo ya Atumani. Kabla hajamaliza, watoto wa Alphonse walikuwa wameshakaa mkekani, na wa jirani wa juu wakaingia bila kuitwa. Picha ikaja, safi kuliko zamani, halafu ikakatika vipande vipande kama kitenge chenye viraka.

"Azungushe mutu antena kidogo," alisema Chrispin.

Alphonse akainuka.

"Hapana," alisema Faida. "Miye."

Miaka yote ile nafasi yake ilikuwa dirishani. Mlingoti hakuwahi kuugusa ila kwa ufagio. Akaukumbatia. Kiganja chake kikakuta mahali palipolainika, juu kidogo ya bega lake, usawa wa mikono ya Atumani.

"Iko?" aliita, na sauti yake ikamshangaza.

Maisara alikuwa amesimama dirishani. "Bado, maman! Iko vipande!"

"Na sasa?"

"Iko! Wacha! Usiguse tena!"

Faida akaachia. Aligeuka aingie ndani, akainua macho, akasimama. Kutoka pale, kupitia dirishani, mkeka wote ulionekana. Mwanga wa kioo ulimulika vichwa vya watoto, kimoja kimoja, na mbele yao mgongo wa Maisara, pale ulipokuwa wa Faida jioni zote zile za Atumani.

Akaanza kuhesabu.

"Maman, chai inapoa!" aliita Maisara.

"Niko nakuya," alijibu Faida, akarudia kuhesabu tangu mwanzo.