Mlezi Wetu Alikula Keki Katikati ya Marathoni

Nikiwa nusu ya njia katika mbio ndefu kuliko zote nilizowahi kukimbia, nilimwona mlezi wa klabu yetu nyuma ya kioo cha mkahawa, namba ya mbio kifuani, anakula keki.

Kwa uma.

Aliniona nami namwona. Akainua uma kidogo, kama mtu anayemsalimu jirani dirishani, kisha akaendelea kutafuna.

Ningefanya nini? Nilikuwa ugenini, mvua inanyesha, na nusu nzima ya safari bado inanisubiri. Nikapita.

Lakini ajabu si keki. Ajabu ni kwamba nilipofika mwisho, miguu ikiwa haina tena habari na mwenyewe, nilimkuta amenitangulia. Medali shingoni.

"Umechelewa, mwanangu," aliniambia. "Kule kwenye mlima ulizembea, eti?"

Naomba nianzie mwanzo, kwa maana jambo kama hili ukilisimulia kwa pupa utaitwa mzushi.

Mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na ninakimbia. Sikimbii ili nikonde wala ili nipigwe picha. Ninakimbia kwa sababu ipo sehemu fulani, baada ya kuhema kwa muda mrefu, ambapo mwili huchoka kulalamika na akili hunyamaza. Unabaki na pumzi yako na nyayo za wenzako tu. Pale hakuna mtoto wa mkubwa wala mtoto wa mnyonge. Barabara haikuulizi baba yako ni nani.

Niliamini, na ninaamini hadi leo, kwamba mbio ndefu ni miongoni mwa mambo machache yasiyokubali rushwa.

Shangazi yangu, ninayeishi naye, hajawahi kulielewa hilo. Yeye ni fundi cherehani. Kibanda chake kiko kando ya barabara tunayofanyia mazoezi, na kila nikipita hupaza sauti hadi wateja wake wanageuka.

"We mtoto, simama! Nimeangalia nyuma, hakuna anayekufukuza!"

Sasa tuje kwa huyo mlezi.

Alikuwa ofisa wa michezo wa chuo, mwenye ofisi yenye zulia, kitambi chenye heshima zake, na suruali ya mazoezi iliyopigwa pasi hadi ina mistari. Tulimwita Mzee Ng'ambo, kwa sababu hakuwa na sentensi isiyopanda ndege. Ukimwambia maji yamekatika bwenini, atakujibu kwamba kule kwa wenzetu maji hayakatiki. Ukimwambia umefiwa, atakupa pole, kisha atakukumbusha kwamba kule kwa wenzetu watu hawafi ovyo ovyo.

Kwa maneno yake mwenyewe, enzi za ujana alikimbia marathoni ng'ambo hadi wenyeji wakamzoea. Kwa macho yetu, hatukuwahi kumwona akikimbia hata kuwahi mvua. Alikuwa na goti. Goti lile lilikuwa na ratiba: liliuma Jumamosi asubuhi, siku ya mbio zetu ndefu, na kupona mchana wakati wa chakula.

Hata hivyo alituachia desturi moja, aliyodai ameitoa huko huko.

Mwanachama yeyote akirudi na medali mpya, Jumamosi inayofuata yeye ndiye huongoza mbio ndefu, kuanzia getini hadi mwisho. Wengine wote hukimbia nyuma yake, na hakuna ruhusa ya kumpita. Kumpita mwenye medali ni kumtusi mbele ya kadamnasi.

"Mwenye medali ndiye kichwa cha treni," alipenda kusema. "Behewa gani liliwahi kukipita kichwa?"

Ishike desturi hiyo, msomaji. Tutairudia.

Mwaka huo klabu yetu ilialikwa kwenye marathoni ya ng'ambo: mwanafunzi mmoja, pamoja na mlezi wa kumsindikiza. Tulishindanishwa, nikashinda. Mzee Ng'ambo akajiandikisha naye kukimbia, ingawa hakuna aliyemwomba.

"Nitakuwa pembeni yako, binti," aliniahidi. "Nikuoneshe njia."

Njia aliyonionesha ilikuwa ya kwenda kwenye mkahawa wa hoteli.

Siku zote za kabla ya mbio, mimi nilitoka alfajiri nikaupima mji ule kwa miguu. Nilijifunza harufu ya mikate inapotoka tanuruni kwenye uchochoro mwembamba. Nilimzoea mfagiaji aliyekuwa akiinua ufagio wake ili nipite, naye akanizoea hadi akaanza kuuinua nikiwa bado mbali. Hatukuwa na hata neno moja la lugha moja, lakini tulisalimiana vizuri kuliko ninavyosalimiana na baadhi ya ndugu zangu.

Yeye je? Aliujua mji kwa jamu zake. Alihesabu aina za jamu mezani. Alipiga picha taulo. Mtu amevuka bahari kwenda kupiga picha taulo!

Siku ya mbio tulisimama pamoja kwenye mstari. Alipiga picha nyingi, nyingine akiwa amekunja uso kwa uchungu, na mbio hazijaanza. Kona ya kwanza nikageuka. Hayupo.

Nikasema moyoni, basi, goti.

Nikakimbia. Siwezi kuwaeleza utamu wa siku ile nikaumaliza. Bibi mmoja alisimama dirishani ghorofa ya juu akigonga mfuniko wa sufuria kwa mwiko, akitushangilia wote bila ubaguzi. Mtoto alinyoosha mkono wenye kipande cha chungwa kwenye mvua, nikakipokea, na akaruka ruka kana kwamba ni mimi niliyempa yeye. Kwenye mlima, ambapo kila mtu alikuwa amebaki na roho tu, mgeni mmoja alinigusa bega, akanionesha kilele kwa kidole, tukapanda sambamba hadi juu bila kusemezana.

Hayo ndiyo yangu ya ng'ambo. Yapo kifuani.

Na katikati ya hayo yote, mahali ambapo njia ilipinda ikakaribia tena uwanja wa mwisho, ndipo nilipoiona ile keki.

Baada ya keki aliufuta mdomo, akajipenyeza miongoni mwa wakimbiaji karibu na uwanja, akamaliza mikono juu.

Ila alikosea jambo ambalo mkimbiaji wa kweli asingelikosea hata usingizini. Marathoni alizijua kwa televisheni, na kwenye televisheni huoneshwa wale wa mbele, wanaomaliza kwa saa mbili na kidogo. Akadhani huo ndio muda wa kila binadamu mwenye miguu miwili. Akaingia mapema mno. Mzee mwenye kitambi, kakauka kama nguo ya kabatini huku wenzake wamelowa chepechepe, akawa wa tatu kwa wanaume wa umri wake!

Wakampandisha jukwaani. Akalia machozi.

Machozi, jamani.

Tuliporudi, ukumbi wa chuo ulijaa. Akasimulia mlima ambao hakuupanda kwa hotuba ndefu kuliko muda niliotumia mimi kuupanda. Nilimfuata mwenyekiti wa klabu, kaka wa mwaka wa mwisho anayesomea sheria, nikamweleza kila kitu.

"Una picha?" akaniuliza.

"Nilikuwa nakimbia, mwenyekiti. Nimemwona kwa macho yangu."

"Dada yangu, macho si kielelezo. Na ujue yule ndiye anayetuombea gari na uwanja. Tulia."

Huyo ndiye atakayekuja kututetea mahakamani siku moja. Mungu atunusuru.

Nilikaribia kutulia kweli. Kisha mwamuzi wa mbio zile akaipigia klabu simu.

Alieleza kwamba kila mkimbiaji alifungiwa kifaa kidogo kiatuni, na njiani kulikuwa na mikeka inayokisoma kifaa hicho kila unapoikanyaga. Cha mzee kilisomwa mwanzoni na mwishoni. Katikati, kimya. Na kwa kuwa tulialikwa kama klabu, kosa la mmoja lilikuwa letu sote: ama klabu iseme yenyewe ukweli kuhusu mzee, ama matokeo ya wote wawili yafutwe.

Yafutwe. Mlima wangu. Chungwa langu. Marathoni yangu ya kwanza ifutwe kwa sababu ya kipande cha keki ambacho hata sikukionja!

Kamati ya klabu ikaitwa. Mzee Ng'ambo akaketi kitini kwa kujinafasi, medali juu ya shati.

"Mashine zao ni mbovu," akasema.

Kwa mara ya kwanza tangu tumfahamu, kitu cha kule kwa wenzetu kikawa kibovu.

"Na huyu binti," akaendelea kwa upole, "tumsamehe. Alichoka sana. Mtu akichoka huona mambo."

Vichwa vikatikisika. Mwenyekiti akasema tutajibu kwamba mlezi alikimbia na kumaliza, liwalo na liwe. Nikajua nimebakiwa na pumzi ya mwisho, nikasimama.

"Sipingi," nilisema. "Naomba jambo moja tu kabla ya kujibu. Mlezi wetu ana medali mpya. Jumamosi ni kesho kutwa. Mimi nami nina ya kumaliza, lakini nimeshamwachia zamu yangu. Nani ataongoza?"

Mjumbe mmoja aliyekuwa akisinzia akapiga makofi, akidhani ni heshima, na wengine wakamfuata.

Mzee Ng'ambo alitabasamu kama mtu aliyemeza kifungo. Ni desturi yake mwenyewe. Angekimbilia wapi?

Jumamosi tukajipanga nyuma yake, klabu nzima. Alikimbia vizuri hadi ukuta wa chuo ulipoishia. Kutoka hapo alijikokota. Kutoka hapo akatembea.

Nasi tukatembea.

Hakuna aliyethubutu kumpita. Vijana wenye miguu ya swala tulimfuata hatua kwa hatua, vichwa chini, kimya kabisa. Waliokuwa barabarani wakaanza kusimama pembeni kwa adabu. Mwanaume mmoja akavua kofia.

Tulipofika kibandani kwa shangazi, aliachia cherehani akasimama mlangoni.

"Poleni, wanangu," akasema kwa sauti ya matanga. "Mnamzika nani?"

Klabu ikapasuka kwa kicheko. Mzee akashika goti.

"Limenirudia," akaguna. "Piteni tu, wanangu. Nawaruhusu. Mimi nitapumzika hapa kwa huyu mama."

"Umeona?" mwenyekiti akaninong'oneza. "Ni goti tu. Hiyo haithibitishi kitu."

Na ni kweli haikuthibitisha. Nikauma meno, tukakimbia. Tuliikimbia barabara ile hadi mwisho na kurudi, na nilikuwa na hasira kiasi kwamba mwanzoni sikuusikia utamu. Lakini mbio hazina kinyongo. Tulipogeuza, pumzi ikakaa mahali pake, nyayo zikawa kitu kimoja, nikajikuta ninawaza yule mgeni wa mlimani. Nikajiambia: wakifuta, watafuta karatasi.

Tulirudi kibandani tukitiririka jasho. Kutoka mbali nilisikia sauti yake.

Alikuwa ameketi kwenye benchi la wateja, viatu amevua, kikombe cha chai mkononi. Wateja wawili wamemzunguka. Shangazi anakanyaga cherehani taratibu, macho kwenye pindo.

"Eh, baba, endelea," alikuwa akimchochea. "Sisi wengine hatutafika huko. Chakula chao kikoje?"

"Mama, acha!" Mzee Ng'ambo akafumba macho. "Kuna keki nilikula siku ya mbio zenyewe. Laini! Ukiiweka ulimini inayeyuka. Nimekaa zangu dirishani, joto safi, nje mvua inawapiga wale wanaokimbia, maskini, wamelowa kama kuku..."

"Na wewe ulikuwa hukimbii?"

"Nikimbie nini na kahawa imeletwa?"

Akacheka. Akafumbua macho. Akatuona.

Klabu nzima, tumesimama tunahema. Mwenyekiti mbele, mdomo wazi.

Mzee aliivua medali polepole, akakosa pa kuiweka, akaishika tu mkononi kama mtu aliyeshikishwa mtoto asiye wake. Akaondoka na viatu kwapani. Goti, nilitazama vizuri, lilikuwa zima.

Jioni ile mwenyekiti aliandika ukweli, na safari hii hakuuliza picha. Matokeo yangu yalibaki. Medali ilirudishwa ikamfikia babu mmoja wa huko aliyekuwa wa nne, naye, nimeambiwa, alikimbia mvua yote.

Usiku nilimuuliza shangazi kwa nini alimuuliza habari za chakula, ilhali habari ya keki nilikwishamweleza.

Akakata uzi kwa meno.

"Mwizi mwenye majivuno usimuulize kama ameiba, mwanangu. Ataapa mbingu na ardhi. Muulize kilikuwa kitamu kiasi gani."

Nami ninawaachia hili, ninyi mnaopenda njia za mkato: kula keki yako ukiitaka, hakuna anayekukataza. Ila ukishaila, kaa pale pale dirishani. Usije ukatoka kutueleza habari za mlima.