Jina Lenye Midomo Mingi

Mimi ni fundi cherehani, na mwanangu alizaliwa kabla sijamaliza kushona nguo zake mwenyewe. Kofia pekee niliyokuwa nimeshaimaliza ilimfika mabegani. Katika wodi tuliyolazwa hapa Tanga watoto wanaozaliwa kabla ya siku zao huitwa njiti, na neno lenyewe nilikuwa nikilisikia redioni bila kuliona baya, mpaka alipoitwa hivyo wangu. Njiti ni kitu cha kuwashia jiko ukakitupa. Nilimwambia nesi hivyo, kwa hasira zangu zote, naye alikuwa anabandika plasta kwenye shavu la mtoto. Akasema, "Muite utakavyo, mama, lakini toa mkono, unanizibia mwanga."

Ile plasta ilishikilia mpira mwembamba uliopita puani mwa mtoto mpaka tumboni. Maziwa yangu yalipitia humo, na kazi yangu ikawa kukamua. Ndivyo wanavyosema, kukamua, na hakuna anayekustahi. Baba yangu alikuja kutoka Maramba na kikapu cha machungwa, amekaa zake kwenye benchi, nesi akachungulia mlangoni: "Mama, umeshakamua?" Baba ana ng'ombe huko kwao. Alitazama dari mpaka muda wa kuona wagonjwa ukaisha.

Siku waliyoniruhusu kumweka mtoto titini nilijiona bibi harusi. Alilidaka kwa pupa. Akanyonya, akameza, akanyonya, akameza, nami nikaanza kulia kwa furaha. Kisha midomo yake ikaanza kuiva rangi ya zambarau. Hakohoi, hatapatapi, katulia tuli. Nilidhani amelala. Mashine iliyofungwa mguuni mwake ikapiga kelele, na kabla sijaelewa nesi ameshafika, ameingiza kidole pembeni mwa mdomo kumwachisha titi, anamsugua mgongo, anampiga kidole kwenye unyayo. Mtoto akavuta pumzi na kulia kilio chembamba cha paka.

"Amesahau kupumua," nesi akasema, kama mtu kasahau mwavuli. "Kunyonya ni kazi tatu, mama. Kuvuta, kumeza, kupumua, na zinatakiwa zipokezane. Huyu kazaliwa kabla hajajifunza zamu. Mpaka azijue, mpira hautoki na nyumbani hamwendi."

Mama mkwe wangu alikuwa mlangoni, ameyaona yote. Alipita katikati ya vitanda, akainama na kumpuliza mtoto utosini, fuu, fuu, fuu.

"Bibi, mtoto hapumui kwa utosi," nesi akamwambia.

"Na wala hakusahau! Mtu husahau kupumua? Huyu kapaliwa. Huyu anatajwa."

Kwetu pwani mtu akipaliwa na maji au chai, wenzake humwambia hivyo: unatajwa, kuna mahali jina lako limo midomoni mwa watu. Wengi husema kwa mzaha na kuendelea kula. Mama mkwe hana mzaha katika jambo hilo.

"Atatajwaje, mama," nikamuuliza, "na jina hana?"

Akaacha kupuliza, akainuka na kwenda kumsubiri mwanawe koridoni.

Jina lilikuwepo, ila halijatolewa. Kwa ukoo wa mume wangu mjukuu wa kwanza wa kike hupewa jina la bibi mzaa baba, akawa somo yake. Mama mkwe alikuwa ameletewa wajukuu wa kiume mfululizo, na alimngoja somo huyu mpaka akanunua doti ya khanga ya kumpokelea. Siku ya saba ilipita mtoto yumo kwenye mashine, tukasema jina na akika visubiri tutoke. Sasa jioni ile alimshika mume wangu koridoni, akamnong'oneza kwa ile sauti yake inayosikika mpaka jikoni: "Jina langu msimpe."

Nilimsikia, na nikaelewa nilivyotaka kuelewa. Njiti yangu haimtoshi! Anataka somo mnene, wa kupakatwa harusini. Nilimchukia kwa moyo mmoja, na chuki ile ilinisaidia sana, maana ilinipa kitu cha kufikiria zaidi ya ile midomo ya zambarau.

Nesi akanifundisha kunyonyesha upya, kama vile sikuzaliwa na matiti. Kwanza nikamue kidogo, ili maziwa yasimrukie kwa kasi kooni. Nimlaze ubavu, kichwa juu kidogo. Akimeza mara chache nimwachishe kwa kidole, nimwache avute pumzi, nimrudishe. Macho yangu yasibanduke kwenye midomo na pua yake. Rangi ikibadilika, mgongo na unyayo, na nimwite nesi, nisimtikise. Mwenyewe mtoto alikuwa hapendi. Kila nikimwachisha alinikunjia uso kama mzee aliyenyang'anywa kahawa. Siku nyingine alinyonya vizuri mpaka nikajisahau, na palepale akasahau yeye, na nesi akaja mbio. Waliokuja baada yetu waliondoka wakatuacha. Nikaanza kuamini hatajifunza, na sikumwambia mtu.

Wodi ile wanakubali ndugu asaidie kumbeba mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, mama apate kulala. Mama mkwe alijitolea. Alivua blauzi mbele ya daktari wa zamu kijana, daktari akakumbuka ana kazi kwingine. Nikajifanya nimelala. Nikamsikia akizungumza na mtoto ndani ya khanga.

"Usinifikirie vibaya, bibi wee. Jina langu si baya. Lina midomo mingi tu. Mimi mji huu hawalali hawajanisema. Muuza vitumbua ananisema, wifi yangu wa Mkwaja ananisema mpaka kwa samaki. Mimi koo langu limezoea. Wewe una kakoo kama uzi wa cherehani ya mama yako. Ukibeba jina langu watakuua."

Nililala hivyo hivyo nimegeukia ukutani, na machozi yakaingia sikioni. Mwanamke huyu alikuwa ameinyima nafsi yake kitu alichokingoja kuliko vyote, na mimi nilikuwa namtukana kimoyomoyo tangu jioni ile ya koridoni. Nikageuka.

"Mama, basi si uwaombe radhi wanyamaze?"

Nilisema kwa utani. Aka! Kesho yake kulipokucha alikuwa ameshafika kwa muuza vitumbua. Mume wangu ndiye aliyemsindikiza, na alirudi akiwa amechoka. Mama yake alisimama mbele ya wateja wote akasema, "Nimekuja kukuomba radhi, na usinikatize! Nilisema vitumbua vyako ni vya jana. Ni kweli ni vya jana, lakini sikupaswa kusema. Nisamehe, na kuanzia leo usinitaje." Kwa wifi wa Mkwaja alipiga simu. Ugomvi wao ulikuwa juu ya kinu cha marehemu mama wa huyo wifi, miaka na miaka, na wifi alidhani kuna msiba, akaanza kulia kabla ya salamu. Mama mkwe akazunguka mtaa mzima namna hiyo, nyumba hadi nyumba, akiomba msamaha kwa kelele.

Bila shaka unajua kilichotokea. Mtaa haukuwa na habari nyingine. Yule bibi kaomba radhi! Kwenye bomba la maji, msikitini, sokoni, jina lake moja tu. Muuza vitumbua alifunga biashara mapema apate nafasi ya kusimulia. Tangu ajaliwe ulimi, mama mkwe hakuwahi kutajwa kama siku ile.

Na siku ile, mchana, nikamlaza mwanangu ubavu, nikampa. Akavuta, akameza, akavuta, akameza. Nikaandaa kidole. Nesi alikuwa karibu yangu, akanishika mkono. "Subiri," akasema. "Mwache, tumwone." Mama mkwe amesimama upande wa pili, vumbi la mtaa bado miguuni. Mtoto akasita, titi mdomoni. Kifua hakiendi. Sote watatu tukabana pumzi, watu wazima na akili zetu. Kisha vipua vikatanuka, kifua kikapanda, kikashuka, na akaendelea kunyonya, kana kwamba sisi ndio tulioshindwa kujua zamu. Alifanya hivyo tena, na tena, mpaka akashiba na kuliachia titi mwenyewe. Midomo yake ilikuwa myekundu. Nilimbusu nesi mkononi, akaufuta kwenye gauni.

"Sasa wananyamaza," mama mkwe akasema.

"Mama," mume wangu akasema kutoka mlangoni, "leo wanakusema mpaka Pongwe."

Akafikiri. Huyu mama hajapata kushindwa na hoja. "Basi leo wananisema kwa kheri," akasema, akafungua doti yake ya khanga. "Jina langu mpeni."

Mpira ulitolewa siku chache baadaye, tukaenda nyumbani, jina likatolewa na mbuzi akachinjwa.

Sasa somo yake anasoma chekechea, na ulimi ameurithi pamoja na jina. Radhi za mtaani hazikudumu, vitumbua vimeshaanza kuwa vya jana tena. Asubuhi tunakunywa chai barazani, mtoto anaongea huku anakunywa, na hapo lazima apaliwe. Bibi yake huruka, anachungulia uchochoroni na kupaza sauti: "Nani huyo ananisema saa hizi?" Mtoto naye, bado anakohoa, anamsaidia kuuliza. Wote hucheka, mpaka mume wangu.

Mimi natazama midomo kwanza. Nikiiona myekundu, ndipo nami nacheka.